Joho la Jaji Halimkingi Waziri

Juni 2018, siku chache baada ya Bunge la Hispania kumwondoa Mariano Rajoy kwa kura ya kutokuwa na imani naye, Waziri Mkuu mpya Pedro Sánchez alimteua Fernando Grande-Marlaska kuwa Waziri wa Mambo ya Ndani. Mteule huyo, mzaliwa wa Bilbao, alikuwa jaji tangu mwishoni mwa miaka ya 1980. Jina alilipata katika Audiencia Nacional, mahakama ya Madrid inayoshughulikia ugaidi na uhalifu mkubwa.

Kwa kuwa ameikalia wizara hiyo kuliko waziri mwingine yeyote tangu demokrasia irejee Hispania, amesemwa mengi. Wapinzani humwona msaliti na watetezi humwona mlinzi wa sheria. Madai matano husikika mara kwa mara, na yote matano hayasimami.

Dai la kwanza: alikuwa kada wa Wasoshalisti, chama cha Sánchez, tangu zamani, joho lilikuwa la kumficha.

Kumbukumbu zinakataa. Mwaka 2013 aliingia Baraza Kuu la Mahakama, chombo kinachosimamia uteuzi na nidhamu ya majaji, na waliompendekeza ni Partido Popular, chama cha kihafidhina cha Rajoy mwenyewe. Miaka mitano baadaye chama hichohicho kikawa kinamshutumu kila wiki bungeni. Mwaka 2019 aliongoza orodha ya wagombea wa Wasoshalisti mkoani Cádiz, lakini kama mgombea asiye mwanachama. Ukitaka kumlaumu kwa kuhama kambi, una la kusema. Ukidai alikuwa wakala wa chama fulani miaka yote akiwa mahakamani, lete ushahidi, maana upande uliompandisha ndio huo unaomlalamikia.

Dai la pili: amewalegezea kamba magaidi wa ETA.

ETA, kundi lililopigania kwa silaha uhuru wa Nchi ya Basque, kaskazini mwa Hispania, liliua watu zaidi ya 800, na familia zilizoachwa zina haki ya kuuliza maswali makali. Lakini maswali yajibiwe kwa mambo yaliyotokea. Mwaka 2005 jaji huyuhuyu alimweka rumande Arnaldo Otegi, kiongozi wa Batasuna, chama kilichohusishwa na ETA, na kumtaka dhamana ya euro 400,000. Yeye mwenyewe alikuwa miongoni mwa waliolengwa na ETA. Kundi hilo lilitangaza kuacha mashambulizi Oktoba 2011 na kujivunja Mei 2018, mwezi mmoja kabla hajawa waziri.

Alichofanya akiwa waziri ni kuwahamisha wafungwa wa ETA kutoka magereza ya mbali na kuwaleta karibu na Nchi ya Basque. Kuwatawanya wafungwa hao ilikuwa sera iliyoanza mwaka 1989, wakati kundi likiendelea kuua, na lengo lake lilikuwa kuwatenganisha na viongozi wao. Haikuwa sehemu ya hukumu ya mtu yeyote. Mfungwa aliyehukumiwa miaka 30 hapunguziwi hata siku moja kwa kuhamishwa kutoka Cádiz kwenda Bilbao. Anayepunguziwa ni mama yake, aliyekuwa akisafiri nchi nzima kwenda kumwona.

Dai la tatu: jaji akishika Mambo ya Ndani, haki za binadamu zimepata mlinzi.

Hili ni la watetezi wake, nalo ndilo linaloniuma zaidi. Tuanze na mahakamani. Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya, iliyoko Strasbourg, imeitia Hispania hatiani zaidi ya mara moja kwa kutochunguza ipasavyo malalamiko ya mateso yaliyotolewa na watu waliozuiliwa bila mawasiliano na ndugu wala wakili wa kuchagua. Baadhi ya kesi hizo zilipita mikononi mwa Grande-Marlaska akiwa jaji. Strasbourg haikusema yeye alitesa mtu. Ilisema dola ilipaswa kuchunguza na haikuchunguza vya kutosha.

Kisha twende Melilla, mji wa Hispania ulioko pwani ya Afrika. Asubuhi ya Juni 24, 2022, mamia ya vijana, wengi wao Wasudani waliokimbia vita, walijaribu kupita kituo cha mpakani cha Barrio Chino. Walibanwa katika ua mwembamba, kati ya uzio na mageti, wakakanyagana huku moshi wa mabomu ya machozi ukitanda. Serikali ya Moroko ilikiri vifo 23. Shirika la haki za binadamu la nchini humo lilihesabu watu 77 waliopotea. Mtetezi wa Umma wa Hispania alibaini kwamba watu 470 walirudishwa Moroko siku hiyo bila kufuata utaratibu wa kisheria.

Waziri alishikilia bungeni kwamba hakuna aliyekufa katika ardhi ya Hispania. Waendesha mashtaka walifunga faili mwishoni mwa mwaka huo, wakisema hawakuona kosa la jinai kwa askari wa Hispania. Sawa, faili limefungwa. Lakini mtu aliyezoea kuuliza mashahidi kwa miaka 30 alipaswa kuwa wa kwanza kutaka kujua kila maiti ni ya nani na ilianguka wapi.

Dai la nne: Mahakama ya Juu imethibitisha kwamba waziri ni mhalifu.

Haikufanya hivyo. Mei 2020 wizara ilimwondoa Kanali Diego Pérez de los Cobos kwenye ukuu wa Guardia Civil, jeshi la polisi, mkoani Madrid. Wakati huo askari wake walikuwa wakifanya uchunguzi ulioamriwa na jaji kuhusu maandamano ya Siku ya Wanawake, Machi 8, yaliyoruhusiwa siku chache kabla ya nchi kufungwa kwa sababu ya korona. Jaji aliagiza askari wampe taarifa yeye peke yake. Sababu iliyoandikwa ya kumwondoa kanali ni kwamba hakuwajulisha wakubwa wake jinsi uchunguzi ulivyokuwa ukiendelea.

Machi 2023 Mahakama ya Juu ilibatilisha hatua hiyo, kwa kuwa afisa hawezi kuadhibiwa kwa kutii sheria. Hiyo ilikuwa kesi ya kiutawala. Hakuna waziri aliyetiwa hatiani kwa jinai. Hata hivyo, watetezi wasishangilie. Siri ya uchunguzi wa jaji ndilo jambo ambalo Grande-Marlaska alilijua kuliko mtu mwingine yeyote katika baraza la mawaziri, na ni wizara yake iliyolivunja.

Dai la tano: dawa ni kuwapiga marufuku majaji kuingia serikalini.

Hispania imewahi kuwa na mawaziri majaji kabla yake. Juan Alberto Belloch, naye jaji, aliongoza wizara za Sheria na Mambo ya Ndani kwa pamoja kuanzia 1994. Margarita Robles, aliyekuwa naibu wake, baadaye akawa jaji wa Mahakama ya Juu, kisha Waziri wa Ulinzi. Hatari kubwa iko kwenye mlango wa kurudia. Baltasar Garzón, jaji wa Audiencia Nacional, aligombea ubunge na Waziri Mkuu Felipe González mwaka 1993, akajiuzulu mwaka uliofuata, akarudi kwenye kiti chake cha ujaji na kufufua kesi ya GAL, kundi la siri lililowaua watuhumiwa wa ETA miaka ya 1980, dhidi ya watu wa serikali aliyotoka kuitumikia. Waziri wa zamani wa Mambo ya Ndani José Barrionuevo alifungwa kwa utekaji uliofanywa na kundi hilo, na ushahidi ulikuwepo. Lakini doa la kisasi halikufutika. Juan Carlos Campo, naye jaji na Waziri wa Sheria hadi 2021, aliingia Mahakama ya Katiba na ikabidi ajitoe katika shauri la sheria ya msamaha kwa Wakatalunya waliotaka kujitenga, kwa sababu akiwa waziri alikwisha kuandika kwamba msamaha wa aina hiyo ni kinyume cha Katiba.

Sheria ya Hispania humtunzia jaji nafasi yake anapokuwa waziri. Hapo ndipo pa kurekebisha: akitoka serikalini, apite muda mrefu kabla ya kukalia tena kesi zinazogusa dola, na asiguse kamwe zile za wizara aliyoiongoza. Asiyekubali sharti hilo abaki mahakamani. Na akiwa waziri, apimwe kwa Melilla na kwa kanali aliyeondolewa, kama ambavyo angepimwa waziri ambaye hajawahi kuvaa joho.