Mzizi wa Neno si Risiti

Kila tukifika kwenye etimolojia, mtu husimama akatuambia kwamba neno la Kifaransa salaire lilizaliwa pale askari wa Roma walipolipwa chumvi. Sisi wa Katwe hugeuziwa nyuso, kana kwamba ziwa letu ni ushahidi. Napinga.

Salaire limetokana na Kilatini salarium, na mzizi wake ni sal, yaani chumvi. Hapo sina ugomvi. Lakini mzizi wa neno si risiti ya malipo. Pliny, katika karne ya 1, alilihusisha salarium na chumvi. Hakusema kwamba askari walipimiwa chumvi. Askari walilipwa sarafu, na malipo yao yaliitwa stipendium.

Watasema chumvi ilikuwa mali. Naam, ilikuwa. Mwaka 1891 Lugard alijenga ngome Katwe ili aidhibiti. Hata hivyo, thamani ya kitu haithibitishi historia ya neno.

Tulitazame neno letu wenyewe. Mshahara limetoka katika Kiarabu, kwenye shahr, yaani mwezi: ni malipo ya kila mwezi. Anayesimama leo katika maji ya chumvi Katwe, ngozi ikichubuka, hana mwisho wa mwezi wa kungojea. Hutegemea alichovuna na bei ya siku hiyo. Hadithi ya Roma inampamba, haimlishi.

Walimu wetu, tufundisheni kudai ushahidi kwanza, hata hadithi ikiwa tamu.