Usiniulize gari, niulize mvua

KANDO YA NJIA
Na Furaha Bauma

Kila Septemba mvua zinaporudi hapa Kivu Kaskazini, simu yangu hulia kwa jambo lile lile. Mmoja anakwenda kwenye kilio Masisi, mwingine kapata kazi Walikale, mwingine ana madumu ya mawese yanayomsubiri Kibua. Wote huanza na gari. Land Cruiser itafika? Na ile Fuso ya jirani, ikifungwa minyororo? Mimi huwarudishia swali: mara ya mwisho imenyesha lini, na imenyeshea wapi? Wengi hukasirika kidogo. Wanadhani nakwepa.

Sikwepi. Nimepanda njia ya Sake hadi Masisi tangu nikiwa mgongoni mwa mama yangu, na karibu yote ninayoyajua kuhusu njia ile nimefundishwa na watu wasio na gari. Mzee mmoja wa Nyabiondo, kantonye, yaani mtunza barabara, tangu ujana wake, ndiye aliyenionyesha namna ya kupima barabara. Alivua bote, akakanyaga kwa kisigino kitupu ndani ya mkondo wa gurudumu, akakizungusha mara moja, kisha akauondoa mguu. Tukainama wote wawili kutazama. Kile kishimo kilijaa maji polepole kutoka chini, kama jicho linalolengwalengwa na machozi. "Bado," akasema. Juu palikuwa pamekauka mpaka pamepasuka nyufa. Mimi ningeapa kwamba njia iko tayari. Kumbe maji yalikuwa chini, yanangoja uzito. Kisigino kikitoka na shimo likabaki kavu, aliniambia, hapo inua mti wa bariere, kamioni ipite.

Kungoja ardhi ikauke kunajulikana hata penye theluji, na jimbo letu lina theluji ya kweli. Iko Ruwenzori, upande wa Beni, juu kabisa ya Mutwanga, kwenye kilele cha Margherita chenye mita 5,109, nayo inapungua mwaka hadi mwaka. Wanande wanaiita nzururu. Huko hakwendi gari. Lakini zipo nchi ambako magari hupita kwenye theluji, na watu wake wana desturi ambayo ingetufaa. Aisilandi, barabara za milimani hufungwa majira yote ya baridi, na theluji ikishayeyuka bado hazifunguliwi. Hungojewa udongo ukauke, mara nyingi hadi Juni au hata Julai, maana wanajua kwamba gari moja likipita kwenye ardhi iliyolowa huacha jeraha lisilopona upesi. Karibu zaidi nasi iko Sani Pass, inayopanda kutoka Afrika Kusini hadi Lesotho, zaidi ya mita 2,800. Gari lisilovuta kwa magurudumu yote manne haliruhusiwi kupanda, na barafu ikitanda njia hufungwa. Dereva anayegeuza pale hachekwi na mtu.

Nasi tunao utaratibu wa namna hiyo, tena wa zamani: bariere ya mvua. Kijana wa leo akisikia bariere anafikiri askari, kamba na noti za franka. Wazee wanaikumbuka nyingine. Mti ulilazwa kukata njia mvua inapoanza, na kantonye aliyekaa kando yake hakuuinua mpaka saa kadhaa baada ya mvua kukatika. Kamioni zilipanga mstari. Watu walichoma mahindi, wakasimuliana, wakalala. Asubuhi njia ilikuwepo.

Niieleze sababu yake, kwa kuwa naona imesahaulika hata na wanaotengeneza barabara. Barabara ya udongo ina mgongo: katikati huinuka kidogo ili maji yateremke pande zote mbili hadi mtaroni. Kamioni yenye mzigo ikipita udongo ukiwa umelowa, magurudumu hubonyeza mikondo miwili, na mgongo umevunjika. Mvua inayofuata haiendi tena mtaroni, hufuata mikondo. Mlimani mikondo hugeuka vijito vinavyochimba. Bondeni hugeuka madimbwi. Kamioni ya pili huzama. Wasaidizi wake huchimba pembeni, hukata miti na kuitandika chini ya matairi, na udongo wanaouchimbua huuziba mtaro. Ya tatu hupitia kando, shambani mwa mtu, juu ya maharage yake. Siku ya nne pana shimo la kumfika mtu kiunoni, na vijana wamesimama na majembe wakidai malipo kabla ya kukusukuma. Nimeliona jambo hili likianza na kutimia ndani ya juma moja, karibu na Matanda, na lilianza na kamioni moja tu iliyokuwa na haraka.

Kinachowaponza wageni ni kudhani kwamba Masisi na Walikale ni njia moja. Kwenye ramani ni moja: Sake, Mushaki, Matanda, Katale, Lushebere, Masisi, halafu Nyabiondo, Kashebere, Kibua, Mpofi, mpaka Walikale kwenye mto Lowa. Ardhini ni mbili, na hazikauki sawa. Masisi ni vilima vya malisho vinavyopita mita 2,000, msitu uliondoka zamani, upepo unapita, na jua likitoka saa nne asubuhi njia inaweza kupitika jioni ile ile. Hatari yake ni mlima wenyewe. Udongo ukishiba maji huachia kwa pamoja. Aprili 2023, huko Bolowa, uliwaporomokea wanawake na watoto waliokuwa wakifua kwenye kijito chini ya kilima. Kwa hiyo anayepanda Masisi na atazame juu kuliko chini: kama mti umeinama tofauti na wenzake, kama maji ya chemchemi yamegeuka rangi, asisimame pale kupiga picha ya ng'ombe.

Walikale ni msitu. Ni eneo kubwa kuliko yote ya jimbo, kilomita za mraba 23,475, na kadiri unavyoshuka kutoka Kashebere ndivyo miti inavyofunga juu ya barabara. Jua halifiki chini. Mvua ya Jumatatu bado iko njiani Alhamisi, na hata katika miezi ya Juni na Julai, Masisi inapotoa vumbi, huko hunyesha. Madaraja mengi ni magogo, na gogo lililolowa miezi sita huoza kwa ndani huku ganda likionekana zima. Ugumu wa njia hii uliwahi kuonekana waziwazi Kilambo, ambako ndege ndogo zilikuwa zikitua juu ya lami ya barabara kubwa ya Kisangani ili kubeba kasiteriti ya mgodi wa Bisie. Kipande cha barabara kilicho imara kilifanywa uwanja wa ndege, kwa kuwa kuusafirisha mzigo hadi Goma kwa gari kulishindikana.

Basi, hali ya njia inaulizwaje? Kwanza Sake, kabla ya kupanda. Simama uziangalie kamioni zinazoteremka. Matope yaliyokauka kwenye bodi ni habari ya juzi. Yaliyo mabichi, yanayodondoka, ni habari ya leo, na yakifika juu ya ekseli usiendelee kuuliza. Halafu mtafute motari. Pikipiki hupita palipo pabaya kuliko gari lolote, na motari anakumbuka kila mahali alipomteremsha abiria atembee kwa miguu. Usimuulize kama njia ni nzuri, atakujibu nzuri, maana kwake kufika ndiyo uzuri. Muulize ameteremsha abiria mara ngapi, na wapi. Mwanamke anayetoka sokoni na kikapu mgongoni ana jibu bora zaidi: amepima kila hatua kwa miguu yake.

Sikuyafanya hayo mwaka ule nilipopanda gari la shirika moja, nami naona haya mpaka leo. Lilikuwa gari jipya, lenye winchi mbele, na dereva alikuwa na saa ya kufika aliyoandikiwa na wakubwa wake. Mvua ilikuwa imetangulia usiku. Huko Kashebere mlinzi wa bariere alituambia tungoje hadi mchana. Tulimwonyesha karatasi, akauinua mti. Sikusema kitu. Kilomita chache mbele gari lilikaa juu ya tumbo lake, magurudumu yote manne yakizunguka bure ndani ya uji mwekundu, na kwa kuwa lilikaa katikati hasa ya sehemu nyembamba, hakuna kilichoweza kupita. Tulilala hapo usiku wa kwanza na wa pili.

Asubuhi ya pili walikuja wanaume wanane na tipoyi begani. Aliyebebwa alikuwa mwanamke mwenye uchungu, amefunikwa kitenge usoni kwa sababu ya manyunyu. Pikipiki iliyomleta kutoka kijijini ilikuwa imeachwa nyuma yetu, kwa kuwa haikupata upenyo wa kupita kando ya gari. Ilibidi wapande ukingo wa juu, kwenye majani yanayoteleza, na mmoja wa walioshika mbele alianguka kwa goti moja bila kuachia mti. Hakuna aliyetutukana. Mama mmoja aliyefuata nyuma na beseni na nguo za mtoto alilishika boneti la gari letu ili asianguke, akaacha alama ya vidole vitano kwenye matope. Alama ile ilikuwa bado ipo tulipovutwa nje.

Masisi, Madaktari Wasio na Mipaka wamekuwa na nyumba ya kusubiria karibu na hospitali, ambapo wajawazito wenye hatari huhamia wiki kadhaa kabla ya siku zao. Akina mama walishaikubali hesabu ya mvua: wanaacha mashamba, wanaacha watoto, wanatangulia. Sisi wenye magari ndio hatujaikubali.

Najua watakaonipinga, na hoja yao moja ni nzito. Watasema viazi vya Masisi vinaoza, mkopo unahesabiwa kwa siku. Hilo nalijibu kwa lile shimo la Matanda, lililoozesha viazi vya wote. Lakini wakisema kwamba kungoja ni hatari, nanyamaza kwanza. Mwaka 2017 watafiti wa IPIS walihesabu vizuizi 798 kwenye barabara za Kivu Kaskazini na Kusini, vingi vya watu wenye bunduki, na vingi vikitaka pesa. Vita vya 2025 vilifika Masisi Januari na Walikale Machi. Dereva aliyekwisha kuporwa gizani hawezi kulazwa kwenye bariere ya porini kwa ajili ya afya ya barabara, wala simlaumu akimpa kantonye pesa ili apite kabla ya jua kuzama. Mti uliolazwa njiani umetumika kunyang'anya watu kwa miaka mingi mno, mpaka hata ule wa haki hauaminiki.

Ndiyo maana nataka bariere ya mvua itengwe na nyingine zote, ionekane kwa macho kwamba ni kitu kingine. Iwekwe penye kijiji kikubwa, Mushaki, Lushebere, Nyabiondo, Kibua, penye paa, taa na chakula. Asiwepo mtu mwenye silaha, na isitozwe hata franka moja. Kantonye alipwe kila mwezi, kwa jembe na kwa kisigino chake. Sheria ya mwaka 2008 iliunda FONER, mfuko wa kutunza barabara, ili ada inayokatwa kwenye mafuta irudi barabarani. Irudi mpaka kwa mzee huyo, isiishie kwenye lami ya mijini. Na redio za kwetu, zinazotutangazia bei ya dola kila asubuhi, zimpigie simu saa kumi na mbili zimuulize njia inasemaje. Dakika mbili zinatosha: imenyesha wapi, daraja gani halipitiki, mti utainuliwa saa ngapi. Wagonjwa na pikipiki zao wapite wakati wowote. Wenye mizigo wangoje, na wenye karatasi za wakubwa wangoje pamoja nao.

Leo Jumamosi nilikuwa niende Masisi kumwona shangazi. Mfuko ulikuwa mlangoni tangu jana, sukari na sabuni ndani. Alfajiri nilimpigia motari wa Lushebere ninayemwamini, nikamuuliza ameteremsha abiria mara ngapi.

"Mara tano, mama. Mvua ilinyesha usiku muzima. Ukae kwanza."

Nimemtumia shangazi ujumbe kwamba nakuja Jumatatu, kama jua litatoka kesho.