Plau ya kina si dawa ya kila shamba

Kwa miaka mingi mwanafunzi wa somo la Kilimo katika shule zetu za upili amekuwa akiulizwa mtihanini ataje sababu nne za kuvunja tabaka gumu lililojificha chini ya udongo wa juu. Naye hujibu bila kusita: ili mizizi ipenye, ili maji yashuke, ili hewa iingie, na ili madini yaliyozama yaletwe juu. Mwalimu humtuza alama zote nne, na mambo yakaishia hapo. Aghalabu mwanafunzi huyo hajapata kuliona tabaka hilo kwa macho yake. Yasikitisha kwamba hata mwalimu wake huenda hajaliona. Nina hakika ya hilo kwa sababu mimi mwenyewe nilifundisha somo hili kwa miaka kumi na mmoja kabla sijaliona.

Wahenga walinena kwamba mficha uchi hazai, kwa hiyo sitayaficha yaliyonifika.

Shule niliyokuwa nikifundisha iko kwenye uwanda wa juu wa Uasin Gishu, katika nchi ya mahindi na ngano. Ina shamba la ekari sita, na mahindi ya shamba hilo ndiyo yanayopikiwa wanafunzi githeri ya adhuhuri. Shamba likizaa vyema, mzazi hutozwa pesa kidogo za chakula. Likikataa kuzaa, malipo hupanda, na wapo watoto ambao hurudishwa nyumbani kwa ajili hiyo. Basi mavuno yetu yalikuwa yakipungua mwaka baada ya mwaka ilhali mbolea haikupungua. Mvua ikinyesha, maji yalituama shambani kwa siku mbili. Mvua ikikatika kwa juma moja tu, majani ya mahindi yalijikunja kama mikeka. Tulilaumu mbegu, tukalaumu mbolea, hatimaye tukalaumu mbingu.

Mimi ndimi niliyesimama mbele ya halmashauri ya shule nikadai kwamba dawa ni plau ya kina, ile yenye meno marefu ya chuma ambayo huchana udongo chini kwa chini bila kuupindua. Fedha zikatolewa. Tulikodi trekta katikati ya mwezi wa Aprili, mvua zikiwa zimekwisha kuanza, kwa kuwa huo ndio wakati trekta lilipopatikana. Lilikuwa trekta la wastani, nalo likafungwa plau ya meno matatu. Lilipoanza kuvuta, magurudumu yalizunguka papo hapo yakirusha matope. Dereva, akitaka kuinusuru mashine yake, aliipandisha plau hadi trekta likaweza kutembea. Kufikia jioni shamba zima lilikuwa limechanwa mistari ya kupendeza, nami nikatia sahihi hati ya malipo kwa moyo mkunjufu.

Msimu huo hatukuongeza hata gunia moja. Baada ya mavuno, msichana mmoja wa kidato cha pili aliniuliza swali ambalo sikuwa nimelikuta katika kitabu chochote: "Mwalimu, hilo tabaka tulilolivunja lilikuwa limeanzia wapi na kuishia wapi?" Sikuwa na jibu. Nilichoweza kufanya ni kuagiza sepetu.

Tulichimba shimo la kina cha nusu mita, tukazikwangua kuta zake kwa kisu ili tuone vizuri. Udongo wa juu ulikuwa mwepesi hadi sentimita 18. Kutoka hapo hadi sentimita 26 kisu hakikupenya. Ulikuwa umeshikana kama tofali. Chini ya hapo ukawa mwepesi tena. Mizizi ya mahindi ilikuwa imeshuka wima, ikafika kwenye tofali hilo, ikapinda kama kiwiko na kutambaa kandokando. Na ile michirizi ya plau tuliyoilipia? Ilikuwa imeishia kwenye sentimita 20, kuta zake laini zikimeremeta kama zilizopigwa lipu. Plau yetu ilikuwa imelikwaruza tabaka mgongoni tu.

Tabaka hilo tulikuwa tumelitengeneza wenyewe. Shamba linapolimwa kwa plau ya sahani kila mwaka kwa kina kilekile, uzito wa sahani hugandamiza udongo ulio chini yake, na gurudumu la trekta linalopita ndani ya mfereji hukamilisha kazi. Mkulima wa jembe la mkono asidhani kwamba amesalimika. Jembe nalo hujenga tabaka lake, ila huwa karibu zaidi na uso wa ardhi.

Kutokana na aibu hiyo nilijifunza mambo ambayo naona kila mwalimu wa Kilimo yampasa kuyafundisha kabla ya kuorodhesha zile sababu nne.

La kwanza ni kwamba mtu huchimba kabla ya kukodi. Shimo moja halitoshi, maana shamba halifanani kila mahali. Mwaka uliofuata wanafunzi wangu walichimba mashimo tisa na kuyachorea ramani. Katika ekari nne tulilikuta lile tabaka. Katika ekari mbili za upande wa bondeni hatukulikuta kabisa. Hapo tulifikia kokoto nyekundu zilizoshikana, za aina ile inayotandazwa barabarani. Kokoto kama hizo huvunja meno ya plau, na hata zikichanwa, mazao hayafaidiki sana. Ekari hizo mbili tukaziacha, na shule ikaokoa theluthi moja ya gharama kwa jasho la asubuhi moja.

La pili ni kuchagua chombo kulingana na kilichoonekana shimoni. Plau ya patasi, yenye meno mengi yaliyopinda, hufaa pale tabaka lilipo karibu. Plau ya kina yenyewe ina meno machache na mazito, nayo hutakikana pale tabaka linaposhuka zaidi ya uwezo wa patasi. Ncha ya jino yatosha ipite sentimita chache tu chini ya tabaka. Kwetu sisi, tabaka liliishia kwenye 26, kwa hiyo tulihitaji 30. Wapo wanaodhani kwamba kadiri plau inavyozama ndivyo faida inavyozidi. Sivyo. Mwaka 1978 wataalamu wawili wa Silsoe nchini Uingereza, Spoor na Godwin, walionyesha kwamba kila jino lina kina ambacho likikipita haliuinui tena udongo na kuupasua, bali huusukuma kando na kuugandamiza. Walionyesha pia kwamba jino lililotiwa mabawa karibu na ncha yake hupasua eneo pana zaidi. Kwa meno yasiyo na mabawa, nafasi kati ya jino na jino isizidi sana kina chenyewe. Ikizidi mara moja na nusu, vipande virefu hubaki kati yake bila kuguswa.

Tena kuna suala la nguvu za trekta. Kwa kadirio la kawaida, jino moja la plau ya kina hudai nguvu-farasi 30 hadi 50, kutegemea udongo na kina. Trekta la nguvu-farasi 75 lililofungwa meno matatu litafanya mojawapo ya mambo mawili: litakwama, au dereva ataipandisha plau kama yule wetu alivyofanya. Ni heri jino moja linalofika kuliko matatu yanayoelea.

La tatu, na ndilo linalovunjwa zaidi, ni wakati. Kazi hii hufanywa udongo ukiwa mkavu, kwa sababu udongo mkavu hupasuka na kueneza nyufa pande zote. Udongo wenye maji haupasuki. Jino hupita ndani yake kama kisu ndani ya sabuni, likiacha mfereji mwembamba wenye kuta zilizozibwa, na magurudumu yakitengeneza tabaka jipya nyuma yake. Huko kwetu wakati ufaao ni baada ya mavuno, kuanzia Desemba hadi Februari. Wakati huo ndipo trekta nyingi zinapolala, na mvua zikianza ndipo kila mtu anapozigombania.

Tulipokodi mara ya pili ilikuwa Februari, kwa meno mawili. Kabla dereva hajamaliza mstari wa pili tulimwomba asimame, nasi tukachimba nyuma yake. Udongo ulikuwa umevunjika mabonge mabonge kutoka jino hadi jino, na ncha ilikuwa imefika 30. Tukamwambia aendelee. Mwaka huo mavuno yalipanda, lakini kwa kuwa mvua nayo ilikuwa njema sitaipa plau sifa zote. Ninachoweza kuapia ni kwamba mnamo Julai tulichimba tena, tukaikuta mizizi ya mahindi imeshuka kupita sentimita 40 bila kupinda.

Najua watakaosema kwamba haya ni mambo ya wenye mashamba makubwa, na kwamba mwanafunzi atakayerithi robo ekari hana haja nayo. Nawajibu kwamba shimo la sepetu halihitaji trekta. Aliye na fahali wawili anaweza kutumia plau ya kuchana inayovutwa na ng'ombe, kama ile ya Magoye iliyobuniwa Zambia. Asiye na fahali aweza kuvunja tabaka kwa sululu katika mashimo ya kupandia pekee. Nako Makueni na Machakos mbaazi hustawi, na mzizi wake mkuu huchimba polepole kazi ambayo wengine huilipia dizeli.

Isitoshe, hata aliyetumia plau ya kina hajamaliza. Udongo uliotoka kuvunjwa hugandamizwa kwa urahisi kuliko ule wa awali, na gurudumu likipita mara ya kwanza tu hudhuru sana. Tukirudi kulima kwa sahani kwa kina kilekile, na kuruhusu lori la mavuno lizunguke shambani litakavyo, tabaka litarudi baada ya misimu michache, nasi tutakodi tena. Yafaa magari yawe na njia moja yasiyotoka, na kina cha kulima kibadilishwe.

Kwa hivyo nina maombi matatu. Kaunti zinazokodisha wakulima trekta zitangaze huduma ya plau ya kina katika miezi ya kiangazi, na afisa wa kilimo aulize kwanza kama shimo limechimbwa. Watungaji wa mitihani, badala ya kuuliza kila mara faida za kuvunja tabaka, wamchoree mwanafunzi ukuta wa shimo, wampe nguvu za trekta na hali ya udongo, kisha wamuulize kama kazi ifanywe au isifanywe, na kwa nini. Mfumo wa elimu ya umilisi unadai kwamba mtoto aonyeshe anachoweza kutenda. Hapa pana jambo la kutenda ambalo gharama yake ni sepetu na kisu.

Ombi la mwisho ni kwenu, walimu wenzangu. Msingoje mtaala wala mkaguzi. Muhula huu wapelekeni wanafunzi shambani, au hata ukingoni mwa uwanja wa michezo, wachimbe nusu mita na kupima wanachokiona. Nanyi wanafunzi, mwalimu akiwaambia kwamba shamba la shule lina tabaka gumu, muulizeni kwa heshima liko kina gani. Kuuliza si ujinga. Mimi niliulizwa nikiwa nimekwisha kutumia fedha za wazazi, na laiti ningaliulizwa mapema.