Sanda ipo tayari, nauli ya mjamzito je?

 

Ndugu zetu katika imani, sisi tulio makatibu wa misikiti kazi yetu ni kalamu. Daftari la maziko tunaliandika kwa mikono yetu, na umo ndani yake mstari mmoja tusioweza kuusahau: mama na kichanga chake, siku moja.

Mume wa marehemu alitujia baada ya Alasiri. Mkewe alikuwa katika uchungu, na zahanati ilikuwa imempa rufaa ya kwenda hospitali ya mbali. Aliomba msaada wa nauli ya gari. Tulimjibu kwa upole kwamba fedha za msikiti hazitoki bila kikao, na kikao ni baada ya Isha. Alishukuru, akaondoka. Alfajiri alirudi kutupa habari ya msiba. Sanda, ubani na gari la kubebea jeneza vilipatikana kabla jua halijapanda, wala hakuna aliyeuliza habari ya kikao.

Twaamini kuwa kila nafsi ina ajali yake. Tumefundishwa pia kuwa mwanamke anayefariki kwa uzazi ana daraja la shahidi. Daraja hilo ni faraja ya wafiwa. Sisi tuliochelewa halitupi udhuru.

Alhamdulillah, hali ya nchi yetu imepata nafuu. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022 ulikadiria vifo 104 vitokanavyo na uzazi kwa kila vizazi hai 100,000, ilhali ule wa 2015/16 ulikadiria 556. Hata hivyo, nafuu hiyo haijawafikia wote kwa usawa. Mama anayevuja damu hana saa nyingi za kusubiri, na mwenye gari mlangoni hayuko sawa na anayesubiri kikao.

Katika Surat Maryam tunasoma kuwa uchungu ulipomfikisha Bibi Maryam kwenye shina la mtende, maji yalikuwa chini yake na tende juu yake. Msaada ulikuwa pale pale alipo.

Kwa hiyo tuliiomba kamati yetu, nayo imeridhia, kutenga fungu la dharura ya uzazi. Mweka hazina hulitoa saa yoyote, hesabu hufuata baadaye. Tunawanasihi wenzetu wa misikiti mingine wafanye hivyo. Enyi waume, wekeni akiba ya safari tangu kliniki ya kwanza, na ihifadhini namba 115 ya usafiri wa dharura wa m-mama, ambayo hupigwa bure.

Ewe Mola, msamehe marehemu wetu na kichanga chake, na utusamehe sisi tuliomwambia mumewe asubiri. Aamin.