Kinachokiua Kiigbo si lahaja, ni kasumba

Mwezi wa Novemba 2025 Serikali ya Shirikisho ya Nigeria ilitangaza kwamba imeifuta sera ya kuwafundishia watoto kwa lugha zao za mama, na kwamba Kiingereza ndicho kitakachotumika tangu madarasa ya awali hadi Chuo Kikuu. Sera iliyofutwa ilipitishwa na Baraza la Mawaziri la nchi hiyo Novemba 2022, nayo iliagiza miaka yote 6 ya shule ya msingi ifundishwe kwa lugha ya mama. Haikuishi zaidi ya miaka 3. Waziri wa Elimu, Tunji Alausa, alieleza kuwa wanafunzi wengi wameshindwa mitihani ya kitaifa hasa katika sehemu zilizoshikilia mno lugha za mama, na kwa hiyo lugha hizo ndizo za kulaumiwa.

Hoja hii hata mwanafunzi wa hesabu wa darasa la sita angeweza kuipangua. Elimu ya Nigeria ina miaka 6 ya msingi na miaka 6 ya sekondari. Kijana aliyefanya mtihani wa kumaliza sekondari mwaka 2025 aliiacha shule ya msingi yapata mwaka 2019, yaani miaka 3 kabla sera hiyo haijazaliwa. Vipi basi sera imwangushe mtu ambaye haikumkuta darasani? Atakayejibu kwamba sera ya elimu ya mwaka 1977 nayo ilitaka lugha ya mama katika madarasa ya mwanzo, tutamwuliza: vitabu vyake vilikuwa wapi, na walimu wake walifunzwa chuo gani? Maandishi yaliyobaki katika jalada hayajapata kumfelisha mtoto hata mmoja. Kilichomfelisha ni kufundishwa kwa lugha asiyoielewa, na mwalimu ambaye naye hakuimudu.

Nigeria yenyewe ilikwisha kupata ushahidi. Kuanzia mwaka 1970, mjini Ile-Ife, Profesa Babatunde Fafunwa na wenzake waliwafundisha watoto kwa Kiyoruba miaka yote 6 ya msingi, huku Kiingereza kikifundishwa kama somo na mwalimu aliyekijua sawasawa. Kisha wakawalinganisha na wenzao waliohamishiwa Kiingereza baada ya miaka 3. Watoto wa Kiyoruba walifanya vizuri zaidi katika masomo, na hata katika Kiingereza chenyewe hawakuachwa nyuma. Ushahidi huo una zaidi ya nusu karne, na uamuzi wa 2025 umeupita kama mtu anayempita mzazi wake njiani bila salamu.

Lugha nyingi zimepigwa na uamuzi huo, lakini leo nataka tukitazame Kiigbo. Sisi wa Tanzania tunalo deni la udugu na watu wake. Tarehe 13 Aprili 1968, vita vya Biafra vilipokuwa vimepamba moto, Tanzania ilikuwa nchi ya kwanza kuitambua Biafra, kwa hoja kwamba umoja wa nchi hauwezi kujengwa juu ya maiti za watu wake. Walimu wengi wa rika letu walimjua Chinua Achebe kwa Kiswahili, katika Shujaa Okonkwo, tafsiri ya Clement Ndulute. Basi mambo ya Waigbo si mambo ya watu baki.

Kiigbo kinasemwa na makumi ya mamilioni ya watu, hasa katika majimbo matano ya kusini-mashariki: Abia, Anambra, Ebonyi, Enugu na Imo, na katika sehemu za majimbo ya Delta na Rivers. Lugha yenye wasemaji wengi hivyo haipaswi kuhesabiwa miongoni mwa wagonjwa. Hata hivyo ni mgonjwa, na ugonjwa wake umeanzia kichwani. Nenda katika nyumba za wasomi wa Kiigbo mijini, iwe Lagos, Enugu au Port Harcourt, utamkuta baba anasema Kiigbo na mama, mama anasema Kiigbo na bibi, na wote watatu wanageuka na kusema Kiingereza na mtoto. Mtoto huyo anakua akielewa nusu ya maneno ya wazee wake, na hana hata moja la kuwajibu.

Ukiwauliza wasomi hao sababu, wengi watakutajia lahaja. Watasema Kiigbo ni vipande vipande: mtu wa Nsukka hamwelewi vizuri mtu wa Ngwa, wa Afikpo ana yake, wa Ohafia ana yake, na wa Onitsha anajiona ndiye mwenye lugha. Kwa hiyo, wanasema, tukifundisha kwa Kiigbo tutafundisha kwa Kiigbo kipi? Heri Kiingereza kisichokuwa cha yeyote.

Hebu tuzipime tofauti hizo. Mtu wa Onitsha husema ife, wa Owerri husema ihe, na wote wanataja kitu. Wa Owerri huiita ardhi ala, wa Onitsha huiita ani. Mila huitwa omenala huku na omenani kule, na kwa wote maana yake ni yale yatendekayo katika nchi. Je, hilo ndilo shimo lisilovukika? Sisi tunasema Kiunguja, Kipemba, Kimakunduchi, Kimvita na Kiamu, na hakuna aliyesema tukabidhi shule zetu kwa mgeni kwa kuwa Mmakunduchi na Mwamu hawatamki sawa. Waingereza nao wana lahaja tele, lakini sijasikia Bunge lao likihamia Kijerumani kwa sababu hiyo.

Kilichokiumiza Kiigbo tangu mwanzo ni namna wageni walivyoishughulikia tofauti hiyo. Samuel Ajayi Crowther alitoa kitabu cha kwanza cha kusomea mwaka 1857, mwaka ule ule misheni ya Kianglikana ilipofunguliwa Onitsha. Kiigbo chake kiliitwa Isuama, nacho kilikusanywa kwa watumwa waliokombolewa huko Sierra Leone. Kilipoletwa kwenye Mto Niger, wenyeji hawakukitambua kuwa chao, kikaachwa. Baadaye Shemasi Mkuu Thomas John Dennis akaunda kingine, Kiigbo cha Muungano, kwa kuchanganya lahaja za Onitsha, Owerri, Unwana, Arochukwu na Bonny, na Biblia ya Kiigbo hicho ikatoka mwaka 1913. Kilikuwa Kiigbo cha kitabuni. Hakuna mama aliyembembelezea mtoto kwa lugha hiyo, wala mzee aliyeamulia kesi kwayo.

Kana kwamba hayo hayakutosha, ukazuka ugomvi wa herufi. Mwaka 1929 serikali ya kikoloni ilitaka mwandiko mpya. Wakatoliki wakaufuata, Waanglikana wakang'ang'ania wa zamani, na shule za watu wamoja zikasoma vitabu vya miandiko miwili. Ugomvi huo ulidumu hadi mwaka 1961, Kamati ya Onwu ilipopitisha mwandiko wa herufi 36 unaotumika hadi leo. Miaka 32 ilipotea. Hiyo ndiyo miaka ambayo Pita Nwana alikuwa amekwisha kuonyesha njia kwa riwaya yake Omenuko ya mwaka 1933, na ambayo kizazi kizima cha waandishi kingeweza kumfuata. Badala yake, vipaji vikubwa vilikwenda kuandika Kiingereza.

Achebe mwenyewe, bingwa wa Kiingereza hicho, alikichukia waziwazi Kiigbo cha Muungano. Mwaka 1999 alialikwa Owerri kutoa mhadhara wa Odenigbo, mihadhara iliyoanzishwa mwaka 1996 na Askofu Mkuu Anthony Obinna ili wasomi wahutubie kwa Kiigbo. Achebe akahutubia kwa lahaja ya kwao, upande wa Onitsha, akamshambulia Dennis kwa kuibana lugha hai. Namheshimu sana Achebe, na katika kumlaumu Dennis alikuwa na haki. Lakini kosa la Dennis halibatilishi haja ya lugha sanifu. Mwalimu wa Ebonyi na mwalimu wa Anambra wanahitaji kitabu kimoja cha sayansi, na hakimu anahitaji istilahi moja ya sheria. F. C. Ogbalu aliliona hilo alipoanzisha chama cha kuendeleza lugha na utamaduni wa Kiigbo mwaka 1949, na katika miaka ya 1970 kamati ya usanifishaji ya chama hicho ikaanza kuunda istilahi na kupokea maneno kutoka lahaja mbalimbali. Kazi ya wenyeji hao ndiyo iliyostahili fedha za serikali, lakini ikaachiwa watu wachache wenye moyo na mifuko mitupu.

Ipo pia hatari ya lahaja kutumiwa na wanasiasa. Baada ya vita kwisha mwaka 1970, Waikwerre wengi wa upande wa Port Harcourt walikana kuwa ni Waigbo, na majina ya miji yaliyoanza na Umu yakaandikwa Rumu. Sina haki ya kumwambia mtu yeye ni nani, na ajuaye mateso ya watu wa sehemu hizo baada ya vita hatawacheka. Lakini tujifunze kwamba lahaja ikidharauliwa shuleni, siku ya dhiki itageuzwa mpaka. Njia ya kuzuia hayo ni kuipa heshima yake mapema: mtoto aanze kusoma kwa maneno ya kwao, kisha mwalimu amwonyeshe yanavyokutana na ya wenzake katika lugha sanifu.

Kinachopotea lugha inapoachwa si maneno tu. Waigbo wanapopokea wageni huleta kola, ọjị kwa lugha yao, na mzee huishika na kuomba dua kabla haijavunjwa. Vipande vyake huhesabiwa: kola yenye vipande vinne ni heri, kwa kuwa siku za soko ni nne, Eke, Orie, Afọ na Nkwọ, nazo ndizo juma la Waigbo. Na wapo wote wamekubaliana kwa msemo kwamba kola haisikii Kiingereza. Hata profesa aliyefungua shughuli kwa Kiingereza, ikifika zamu ya kola, hunyamaza na kumpisha mzee. Je, mzee huyo akiondoka, ni nani kati ya watoto waliokatazwa Kiigbo nyumbani atakayeishika kola hiyo? Ataomba kwa lugha gani?

Lugha hiyo haifundishiki kwa juu juu. Herufi zile zile nne, akwa, zikitamkwa kwa vidatu mbalimbali ni kilio, ni yai, ni nguo, au ni kitanda. Mtoto huvipata vidatu hivyo mgongoni mwa mama yake. Akivikosa hapo, hakuna semina itakayomrudishia.

Wapo watakaosema biashara na filamu zitakiokoa Kiigbo bila serikali. Filamu ya Living in Bondage ya mwaka 1992, iliyofungua njia ya sinema ya Nigeria, ilichezwa kwa Kiigbo na ikauzwa sana. Lakini wafanyabiashara walipotaka soko pana zaidi, sinema hiyo ikahamia Kiingereza. Soko hufuata mkate wake. Lugha hulindwa na ofisi, shule na bunge. Katiba ya Nigeria ya mwaka 1999, kama ile ya 1979 kabla yake, inaruhusu Bunge la Taifa litumie Kihausa, Kiigbo na Kiyoruba maandalizi yatakapokamilika, na inayaruhusu mabunge ya majimbo kupitisha azimio la kutumia lugha za wenyeji. Zaidi ya miaka 40 tangu kifungu hicho kiandikwe mara ya kwanza, Bunge la Taifa bado linaendesha shughuli zake kwa Kiingereza. Maandalizi gani hayo yasiyokwisha? Majimbo matano ya Waigbo hayahitaji ruhusa ya Abuja kuandika tangazo la afya kwa Kiigbo, wala kumjibu mkulima barua kwa lugha aliyoiandikia.

Nasi tusijivune. Ni kweli kwamba mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulichagua Kiunguja, lahaja iliyokuwa na watu na nyumba, na haukuunda mchanganyiko usio na mwenyewe. Hata hivyo Kiswahili hakikukuzwa na mkutano. Kilikuzwa na viongozi waliokitumia mbele ya wananchi, na na walimu waliofundishia kwa lugha hiyo shule za msingi kote nchini baada ya mwaka 1967. Lakini sekondari zetu bado zinafundisha kwa Kiingereza, na wapo miongoni mwetu wanaokitukuza Kiswahili jukwaani asubuhi na jioni wakahesabu karo ya kumnunulia mtoto Kiingereza cha chekechea. Kasumba ya Enugu na kasumba ya Dar es Salaam ni moja. Imepakwa rangi mbili tu.

Kwa hiyo, ndugu walimu na watumishi wa umma, habari hii ya Nigeria tuisome kama barua iliyoandikwa kwetu pia. Lugha haifi kwa kuwa na matawi mengi. Hufa pale mwenye kalamu, mwenye chaki na mwenye mhuri wanapoionea aibu. Wakulima wa Nsukka na wachuuzi wa Aba wamekitunza Kiigbo katika vita, katika njaa na katika dharau ya miandiko miwili. Ni wajibu wa waliosomeshwa kwa jasho la watu hao kukiingiza darasani na ofisini, na kuidai sera iliyofutwa irudi ikiwa na vitabu na walimu.