Hizi "please" na "thank you" zinavyotukwama

Leo nataka kugusa jambo ambalo Wabongo wa hapa Birmingham tunalijua sana ila tunaliongelea kwa utani tu, tukishashiba ubwabwa wa Jumapili. Ni haya maneno ya adabu ya Kiingereza, "please", "thank you" na "sorry", na jinsi yanavyokwama kooni hata baada ya miaka kibao. Mimi nina miaka 16 hapa na bado nikiyatamka najisikia kama nimevaa koti la kuazima.

Kuna wanaosema ni kwa sababu sisi hatuna adabu. Nakataa kabisa! Mimi ni mtu wa Tanga. Kwetu mtoto akimpita mtu mzima bila shikamoo, habari zinafika nyumbani kabla yake. Huingii kwa jirani bila hodi, huli mbele ya mtu bila kumkaribisha, na huulizi bei ya nyanya kabla hujajua mama muuzaji kaamkaje. Adabu tunayo, tena ya kumwaga. Tofauti ni pale tunapoiweka. Mwingereza anaipachika mwishoni mwa sentensi. Sisi tunaimaliza mwanzoni, kwenye salamu na kwenye "mama", "kaka", "mjomba", na inayobaki tunaitia ndani ya kitenzi chenyewe. "Naomba maji" imekamilika, haihitaji kiraka.

Chukua hilo neno "tafadhali". Mzungu akija Dar na kile kitabu chake cha watalii atakwambia "nipe maji tafadhali" akidhani kafanya la maana, kumbe "naomba maji" ingekuwa ya adabu zaidi. Tafadhali kwetu ni neno la matangazo, la kwenye ukuta wa hospitali na kwenye spika za stendi. Pengine ni la ugomvi: "Tafadhali bwana, usinizoee!" (Ndugu zetu Wakenya wao wanatucheka hata hiyo "naomba". Wanasema "lete chai", na chai inakuja vilevile.)

Halafu wenye Kiingereza chao nao waliazima. "Please" ni kifupi cha "if you please", waliyoifuatisha kutoka Kifaransa, na zamani walikuwa wakisema "pray". Sisi asante na tafadhali tumezitoa kwa Waarabu. Kwa hiyo hakuna aliyezaliwa nazo.

Sasa njoo kwenye basi. Hapa Birmingham abiria anashukia mlango wa mbele na lazima amwambie dereva "thank you", au "cheers", au "ta". Watu wote, hata vijana waliovaa kofia za majaketi hadi puani. Mwaka wa kwanza nilikuwa napanda namba 11, lile lililokuwa linazunguka jiji zima kabla ya kugawanywa 2021, na kila nikikaribia kituo nilikuwa nalifanyia mazoezi lile neno kimoyomoyo. Mtu umelelewa na daladala, unapiga "shusha!", konda anagonga bodi, umeshuka! Kumshukuru dereva uliyemlipa nauli ilikuwa kama kumshukuru muuza duka kwa kupokea hela yako. Siku hizi nasema, na ni kitu kizuri, sikatai. Ila kinachonifurahisha zaidi ni wale akina mama wa sokoni Bull Ring wanaokupa ndizi na kukwambia "there you go, bab". Bab! Hiyo naielewa. Huyo kaniita jina la nyumbani, anaongea Kiswahili bila kujua.

Nyumbani ndiko asante inaponishinda kabisa. Kaka yangu akinipa chumvi mezani nikasema asante kwa kila kitu, atauliza kama nimekuja kama mgeni. Na si sisi tu. Mwaka 2018 watafiti walichapisha kwenye jarida la Royal Society Open Science kazi yao juu ya mazungumzo ya ndugu na marafiki katika lugha 8 za mabara 5. Mtu akifanyiwa jambo dogo aliloomba, shukrani ya mdomo ilitoka kama mara 1 tu kati ya 20. Waingereza walizidi wenzao, lakini hata wao ilikuwa kama mara 1 kati ya 7. Maana yake hata hao, wakiwa sebuleni kwao, mara nyingi wanapokea chumvi na kunyamaza!

Linaloniuma hasa liko kazini. Tangu Februari 2022, Uingereza ilipofungua viza kwa wahudumu wa nyumba za wazee, walikuja ndugu zetu wengi, mpaka mlango ulipofungwa Julai 2025 kwa wanaoajiriwa kutoka nje. Dada mmoja nimjuaye, miezi miwili tu tangu afike, meneja alimwambia kwa tabasamu, "Could you possibly stay until ten, please?" Yeye akasikia swali. Akajibu kwa ukweli kwamba hawezi, amechoka. Wiki hiyo hiyo akapewa barua kwamba hana ushirikiano. Na kwenye barua hiyo hiyo wakamwandikia kuwa anawaamrisha wazee, kwa sababu alisema "sit down, mama" badala ya kuzunguka mtaa mzima na "would you like to".

Jamani, huyu dada alisema "kaa mama" kwa sauti ya chini, kamshika bibi wa watu mkono kama anavyomshika bibi yake. Mwenzake, kijana wa miaka 19, anamwita bibi huyo huyo wa miaka 90 kwa jina lake la kwanza, kavu kavu, na kwa kuwa kamalizia na "please" hakuna aliyeona tatizo. Mimi ninaona.

Na ile "please" ya meneja si ombi. Ni amri iliyovalishwa kanzu. Mwenye pasipoti ya hapa anaweza kucheza nayo, lakini mtu ambaye viza yake imeshikwa na mwajiri akikosea kuisikia anaweza kujikuta anatafuta mwajiri mwingine, siku zinahesabika. Bosi wa Bongo akitaka ubaki anakwambia "leo utabaki", unakasirika, lakini umeelewa. Ndiyo maana nawaambia wanaopokea wageni wapya, kabla hamjawaonyesha duka la unga wa ugali, wafundisheni hili kwanza: ukisikia "could you possibly" kutoka kwa mkubwa wako, omba nafuu, eleza shida yako, lakini usijibu kama umeulizwa swali.

Watoto wetu ndio wameshahama kabisa. Binti yangu ana miaka 7. Juzi alikuwa na bibi yake wa Tanga kwenye WhatsApp. Shikamoo aliitoa vizuri, nikavimba kichwa. Kisha akasema, "Bibi, tafadhali, unaweza kunitumia kashata, tafadhali?" Mama yangu akanyamaza kidogo, akaniita kwa jina langu akauliza, "Huyu mtoto nimemkosea nini?" Nikamweleza ni Kiingereza hicho kimevaa khanga. Alicheka mpaka simu ikamwanguka. Kashata tumeahidiwa kilo 2, atakuja nazo mtu anayesafiri Desemba.