Foni ya zamani na msiba wa Kalehe

Alhamisi tarehe 4 Mei 2023 ilikuwa siku ya soko Nyamukubi, katika eneo la Kalehe. Mvua kubwa ilinyesha milimani, mito ikabeba mawe na matope, ikashukia Nyamukubi na Bushushu kando ya ziwa Kivu. Watu zaidi ya 400 walikufa, na wengi hawakupatikana. Maji yale yalitoka juu. Tangu siku ile tunajiuliza: kama mtu mmoja wa mlimani angeweza kusema na mtu mmoja wa sokoni, hata dakika chache mbele, ni wangapi wangekimbia?

Tumezoea kujibu kwamba simu zipo. Lakini simu inategemea mnara, nao mnara unategemea umeme, na katika mabonde yetu rezo haifiki hata siku za kawaida. Siku ya msiba, hata mnara ukibaki umesimama, kila mtu anapiga kwa wakati mmoja na simu hazipiti.

Kwingine pengo hili wanaliziba watu wa redio ya ridhaa, yaani raia wenye kibali cha serikali na mitambo yao wenyewe, wasiolipwa kitu. Desemba 2004 kundi lao kutoka India lilikuwa Port Blair, visiwani Andaman, kwa kujifurahisha tu: kuzungumza na wenzao wa dunia nzima. Tsunami ilipopiga tarehe 26, mitambo ile ile ya mchezo ikapeleka bara habari za walio hai na za mahitaji.

Kwetu jina hilo ni geni, ila kazi yenyewe si ngeni. Wazee wanakumbuka foni ya misheni, kila kituo kikiitwa asubuhi: mgonjwa yupo, ndege ije, uwanja umelowa. Na kuna mfano wa karibu zaidi. Desemba 2009 wapiganaji wa LRA waliua watu zaidi ya 300 huko Makombo, Haut-Uele, na dunia ikapata habari kamili Machi 2010. Baadaye ndugu zetu Wakatoliki wa Dungu, pamoja na shirika la Invisible Children, walieneza foni vijijini. Kila asubuhi na jioni vituo viliitana, hata kama hakuna jipya. Nguvu yake ilikuwa hapo, katika saa isiyokosekana.

Foni hurusha mawimbi mafupi juu, yakagonga tabaka la anga na kurudi chini nyuma ya mlima. Waya wa mita 20 uliofungwa kati ya miti miwili na batri ya gari vinatosha kuvuka milima ambayo motorola inakwama kwenye kilima cha kwanza. Usiku inabidi kushuka kwenye masafa ya chini. Hilo mwendeshaji hujifunza kwa siku chache.

Kizuizi kikubwa kwetu ni hofu kuliko bei. Mahali penye vita, mtu akikutwa na foni bila karatasi anaitwa mpelelezi, na kila upande wenye silaha unaweza kumwita hivyo. Kwa hiyo kibali cha ARPTC kitangulie, chifu na watu wa afya wajue chombo kiko wapi na nani anakishika, na habari za majeshi zisipite humo kamwe. Kanisa lisiloweza kushika masharti haya liiache foni kabisa, maana litamponza mwendeshaji wake.

Halafu kuna jambo dogo ambalo tumeliona kwa macho: batri ya foni ikigeuzwa kuchaji simu za mtaa mzima. Siku ya haja, imekwisha. Mwenye ufunguo awe mmoja, na ajulikane.

Mvua zinarudi Septemba. Paruasi za Kalehe zinaweza kuanza na vituo viwili tu, kimoja mlimani na kimoja karibu na soko, vikiitana kila siku asubuhi na jioni.